Majani Yaliyokosa Uchafu

Mie ni mtu wa usafi, na sisemi hivyo kujisifu, nasema kama onyo. Ukija kwangu hapa Temeke ukavua kiatu kikakaa upande, nitakinyoosha ukiwa bado unahangaika na cha pili. Mume wangu ni dereva wa lori, siku nyingi yuko njiani, na husema akirudi nyumbani anaogopa kukalia makochi. Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyeachiwa tangi la samaki.

Tangi lilikuwa la binti yangu, kitinda mimba wangu. Lilikaa sebuleni juu ya kabati, kwenye kona ambayo haijaona jua tangu jirani aliponyanyua ghorofa lake mbele ya dirisha letu. Samaki walikuwa watatu tu, kila mmoja hazidi kidole. Lakini yeye raha yake haikuwa samaki, ilikuwa mimea: majani manene ya kijani yaliyoota juu ya kipande cha gogo ndani ya maji, ameyafunga kwa uzi kwa mikono yake. Aliniambia ni mimea isiyotaka mwanga mwingi na haina haraka, jani moja kwa mwezi likijisikia.

Kijiti chake cha kwanza cha mmea huo nilikitupa mie. Alikuwa kidato cha pili, nikakikuta kinaelea kwenye kopo la maji jikoni, nikajua takataka. Mtoto hakupiga kelele. Alinyamaza siku mbili, akila kidogo, akiitikia "ndiyo mama" na "hapana mama" kama mgeni. Jamani, afadhali angenifokea. Akatafuta kijiti kingine, akaanza upya, na mpaka anamaliza shule gogo zima lilikuwa limefunikwa.

Siku anaondoka kwenda chuo Mbeya, begi likiwa mlangoni, alinishika mkono akanipeleka mbele ya tangi.

"Samaki wakifa, mama, tutanunua wengine. Haya majani usiyaue."

"Hebu nenda zako," nikamwambia. "Nimelea watoto wanne, nitashindwa na majani?"

Akaondoka. Nyumba ikawa safi mpaka ikaniudhi. Nafagia, ufagio hautoki na kitu. Hakuna anayeacha kikombe juu ya kiti, hakuna nywele bafuni, chakula cha sufuria moja nakila siku mbili. Mikono yangu haijazoea kukaa bure, ndipo nikaligeukia tangi.

Kila Ijumaa asubuhi nililimwaga lote. Samaki watatu kwenye bakuli, maji nje, changarawe naiosha kama mchele, ile sponji ya pampu naikamua chini ya bomba mpaka itoe maji meupe, vioo navisugua kwa brashi. Kisha natia maji mapya niliyoyalaza kwenye ndoo. Chakula cha samaki nilikitoa punje punje, tena siku moja moja naruka, maana wakila wanachafua. Tangi liling'aa kama glasi ya harusi. Nilisimama mbele yake nikajisemea, huyu mtoto akirudi atajua mama yake ni nani.

Mwezi wa pili tangu aondoke, majani ya chini yakaanza kuwa manjano.

Kwanza moja, pale karibu na uzi. Nikalikata. Wiki iliyofuata matatu. Manjano ilianzia kwenye majani makubwa ya zamani, yale aliyoyalea tangu shuleni, ikaja ikapanda. Mapya yakatoka madogo, yamepauka, kama yanaona aibu. Niliogopa jamani, siwafichi. Nilikiona kile kimya cha siku mbili kinarudi, na safari hii asingekuwa mtoto wa kidato cha pili anayesahau.

Nikasema ishu ni giza. Nikanunua taa kali nikaining'iniza juu. Kwa siku kumi kioo kikaota utando wa kijani unaoteleza, nikapata kazi mpya ya kusugua, na majani yakazidi kuwa manjano. Taa nikaizima. Nikakumbuka mahindi yetu kule shambani Pugu: yakipauka namna ile, tunayatia urea. Nikaenda Buguruni, nikanunua mfuko mdogo, nikasimama mbele ya tangi na kijiko kimejaa zile punje nyeupe. Samaki wale watatu wakapanda juu mbio, midomo wazi, wakidhani ni chakula. Waliponikodolea macho vile nikashindwa. Nilirudisha urea kwenye mfuko nikaenda kuwapa chakula chao, tena nikaona haya.

Jumapili binti yangu hupiga simu ya video. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Tukimaliza habari za chuo anasema, "Nioneshe majani yangu." Nami naelekeza simu upande wa kulia, ambako palikuwa bado na majani manne ya kueleweka. Akisema nisogeze kidogo, nasema mtandao unasumbua. Mtu mzima mie, mwenye wajukuu, namdanganya mtoto kwa sababu ya majani! Yeye huitikia tu, "Haya mama."

Sasa nimseme mtani wangu. Ni mama wa Kinyamwezi, fundi cherehani, kibanda chake kinatazamana na mlango wangu. Mie Mzaramo, na sie na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za mababu. Mtani atakuzodoa mbele za watu, ataingia ndani mwako na kuchukua anachotaka, na ukinuna wewe ndiye umekosa adabu. Mwaka juzi nilipougua meno alipita mtaani kutangaza kwamba Mzaramo leo kafunga mdomo, wenye maneno waje waseme haraka.

Jumamosi moja nilikwenda shughulini Mbweni, funguo nikamwachia yeye kama kawaida. Narudi jioni namkuta kwenye kochi langu, miguu juu, anakunywa juisi yangu. Nageuka kwenye tangi. Mtume! Samaki wamejaa, wenye mikia ya rangi rangi, wanakwenda huku na huku kama sokoni. Nilihesabu kumi na wawili wapya.

"Nimewaletea wenzao," akasema. "Nyie Wazaramo mnafungisha samaki saumu, hata Ramadhani haijafika."

"We mwanamke, una wazimu? Watachafua maji!"

"Wachafue. Na amri ya mtani ni hii: unawalisha kila siku. Maji unatoa robo tu kwa wiki. Changarawe na sponji huvigusi mpaka nikwambie. Na hii nakwenda nayo." Akanyanyuka na brashi yangu ya kusugulia, akatoka nayo nje ameishika juu kama kombe la mpira, mafundi wenzake wakimpigia vigelegele.

Nilimfuata na matusi mpaka mlangoni, matusi mazuri ya kitani, lakini ndani nilikuwa nimefura kweli. Kufura na kununa ni mambo mawili, ya pili sikuruhusiwa. Basi nikatii. Ijumaa ya kwanza bila brashi nilizunguka sebule kama kuku anayetafuta pa kutagia. Chini ya tangi uchafu wa samaki ukaanza kukaa kwenye changarawe, nikawa napita nimegeuza uso.

Wiki ya nne lilitoka jani. Bichi, pana, kijani cha kisamvu. Wiki mbili mbele lingine, na manjano ikasimama pale ilipokuwa. Niliita peke yangu sebuleni, "Haya njooni muone!" na nyumba haina mtu. Nikavuka njia kwenda kumwita mtani, akaja na sindano bado mdomoni, akatazama, akasema Wanyamwezi wanajua mambo. Nikajiuliza fundi wa magauni kayajulia wapi, lakini furaha ilinizidi, sikuuliza.

Binti yangu alirudi likizo. Shikamoo yake ilitoka huku ameshainama kwenye kioo. Alitazama muda mrefu, kidole kinafuata majani. Mie nikashindwa kuvumilia, nikayamwaga yote: manjano, taa, kijiko cha urea, simu niliyokuwa naigeuza upande.

"Najua, mama," akasema.

"Unajua nini?"

"Jumapili saba unanionesha majani manne yale yale. Na maji yalikuwa meupe mno." Akanieleza taratibu: majani yale yalikuwa yanakufa njaa. Chakula chao ni nitrojeni, nayo hutoka kwenye kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula, kisha vijidudu visivyoonekana, vinavyoishi kwenye sponji na changarawe, vinaiandaa. Mie kila Ijumaa nilikuwa namwaga sahani yao ya chakula, na wapishi wenyewe nawaosha wakapotea na maji. "Nikampigia mtani wako. Hela ya samaki nilituma mie."

"Kwa nini hukuniambia mwenyewe?"

Akanitazama, akacheka. "Mama, ningekwambia uache kuosha, ungenijibuje?"

Ningemjibu kwamba mtoto hanifundishi usafi, kisha ningeosha mara mbili. Mtoto ananijua mpaka kwenye mifupa. Nilicheka mpaka machozi yakatoka, na mengine, sisemi uongo, hayakuwa ya kucheka.

Nikavuka njia. Mtani alikuwa kwenye cherehani, na brashi yangu inaning'inia kwenye msumari juu ya kichwa chake, ameifunga utepe mwekundu.

"Mnafiki mkubwa wewe!" nikamwambia.

"Tumegundulika?" Akacheka mpaka cherehani likasimama. Akainua mkono kuishusha. "Haya, chukua brashi yako, Mzaramo, usije ukaugua."

Niligeuka nikatazama kwangu, mlango ulikuwa wazi. Viatu vya binti yangu vilikuwa vimetupwa kizingitini, kimoja kimelala ubavu, na begi limemwaga nguo mpaka katikati ya sebule.

Nikamwambia mtani brashi aiache palepale msumarini, aniwekee mpaka mtoto amalize chuo.