Siku Niliposimama Mahakamani

Kila nikisikia harufu ya ulezi uliooteshwa, nauona ua wetu, ulezi wa pombe umemwagika, na mama ameshika mkono wake ambao baba ameuvunja.

Mama alipomshtaki baba, mwenyekiti wa kijiji chetu cha ujamaa alimwambia, "Mama, hayo ni mambo ya ndani. Rudi kwa mumeo."

Mama hakurudi. Alinichukua, tukaenda kwa miguu hadi mahakamani Sumbawanga.

Hakimu aliuliza, "Nani aliyeona?"

Baba alinitazama.

"Mimi," nilisema. "Alimpiga kwa mpini wa jembe."

Baba alifungwa. Tuliporudi, bibi, mama yake baba, alikuwa ametupa vyombo vyetu nje, mvuani. "Mmemfunga mwanangu," alisema. "Ondokeni."

Mama aliinua chungu kwa mkono mzima. "Beba mkeka, mwanangu," aliniambia.