Jogoo Hakutoa Ng'ombe

Mwalimu wa baiolojia aliyehamishiwa Tarime kutoka mikoa ya kusini alipanga nyumba jirani na ya baba yangu, hapa Nkende. Watu wengine huhamia na godoro. Yeye alishuka na jogoo chotara, mwekundu, mkubwa, akatutangazia kwamba ukoo wa ndege yule hutaga mayai ya kahawia. Tulimshukuru kwa taarifa. Jogoo naye hakupoteza muda: siku hiyohiyo aliruka uzio akaja kuwasalimia kuku wangu.

Wakati huo nilikuwa nimerudi kwa baba baada ya ndoa kunishinda. Nilirudi na begi na masufuria. Binti yangu alibaki Kerende kwa baba yake, maana ng'ombe wa mahari walishatolewa, na kwetu Wakurya mtoto hufuata ng'ombe. Kumleta kungetaka mahari irudishwe, na ng'ombe wale baba alishamwolea nao kaka yangu mke. Nikashauriwa nifuge kuku nijiliwaze. Walionishauri walikuwa na watoto wao nyumbani.

Kila asubuhi mwalimu alichungulia viota vyangu. Mayai yalikuwa meupe kama zamani.

"Subiri, dada," aliniambia. "Jogoo habadilishi yai la mke wake. Rangi ya ganda iko kwenye damu ya anayetaga. Ngoja mabinti zao wakue."

Nilimwitikia sawa, mwalimu. Si kila siku mwanamke aliyezaa anapewa somo la uzazi na kapera.

Mabinti walikua wakataga. Mayai yalitoka na rangi ya chai ya maziwa, si meupe ya mama zao, wala si kahawia iliyokolea ya ukoo wa baba yao. Wateja wakaninunia: eti nimeanza kuwauzia mayai ya kisasa nikiyaita ya kienyeji. Niliapa mpaka sauti ikakauka. Mwalimu, yeye, alifurahi kuliko siku ya mshahara, akaja kwa baba kudai nusu ya wale mitetea.

"Shikamoo, mzee. Hawa kuku nusu ni damu yangu."

"Marahaba. Damu yako?"

"Ya jogoo wangu, mzee. Mayai yenyewe ni ushahidi."

Baba hajawahi kuikimbia nafasi ya kuamua kesi. Alijiweka sawa kitini.

"Mura, kijana wangu, wewe umesoma. Hebu niambie, jogoo wako alitoa ng'ombe?"

"Ng'ombe?"

"Hata mmoja. Hata ndama aliyekonda. Hakutoa! Basi alikuja kutembea tu. Watoto ni wa nyumba hii. Mambo ya rangi, sijui kufanana, hayo hayana kesi."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mwalimu wa watu alishindwa kesi na baiolojia yake yote. Kuku walikuwa wangu, wateja wangezoea, na baba alikuwa ananitazama kama mtu anayesubiri pongezi.

Halafu nikamwona mwalimu anavyowatazama wale mitetea, kicheko kikanikauka. Safari yangu ya mwisho Kerende nilimkuta binti yangu ameota meno ya mbele, na mwanya katikati kama wangu. Ana vidole vyangu vya miguu. Anakunja uso ninavyokunja mimi. Nilikuwa bado namtazama nikaambiwa gari la kurudi litaniacha. Niliumia sana siku ile, na bado naumia. Mambo ya kufanana hayana kesi.

Niliingia bandani nikamkamata mtetea ninayempenda, yule mwenye yai lililokolea kuliko wenzake. Nilimfunga miguu, nikampa mwalimu.

"We binti!" baba alifoka. "Kesi nimeshaiamua. Unampa wa nini?"

"Naye ni mzazi, baba."