Seli Zilizokataa Kufa

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali moja ya Dodoma, Mkuu wa Maabara alinikalisha mbele ya hadubini akasema, "Binti, sisi hatutibu. Tunaangalia, kisha tunasema tulichoona." Nikadhani ni kazi nyepesi.

Soko huria lilipoingia, wafadhili nao walikuja, nami nikapelekwa Ulaya kujifunza kuotesha seli, yaani kuziweka hai nje ya mwili, ndani ya chupa bapa zenye maji ya lishe. Profesa aliyenifundisha alinionyesha chupa mbili za seli za mlango wa kizazi. Za chupa ya kwanza ziligawanyika, zikachoka, zikafa. Za pili zilikuwa zimepandikizwa jeni za kirusi cha papiloma, kile kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi. Hizo hazikuchoka.

"Kirusi kimewazima walinzi wa seli," alisema. "Na hakina haraka. Mwilini hukaa miaka mingi, mama asisikie maumivu yoyote."

Niliporudi nyumbani Miyuji, hapo Dodoma, kila mwanamke niliyekutana naye nilimwogopea. Hasa dada yangu, Yudith. Nilimsihi apimwe.

"Siumwi, mdogo wangu," alicheka. "Mbona unanitafutia ugonjwa?"

Akaja, kuniridhisha tu.

Nilipaka rangi slaidi yake, kipande cha kioo chenye seli zake, nikaiangalia. Viini vya seli vilikuwa vikubwa, vyeusi, vimekunjamana. Nilishaviona Ulaya. Nikasoma tena jina kwenye kioo. Mkuu wa Maabara akaniinua kitini.

"Slaidi ya ndugu hasomi ndugu," alisema, akakaa yeye.

Aliangalia kwa muda mrefu. Kisha akaniita kwa jina langu, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya, nikajua ni saratani.

Nilimweleza dada jikoni kwake, akisonga ugali.

"Nitakufa?"

"Bado ni mapema. Wataikata sehemu hiyo kabla haijaharibika zaidi."

Alisonga mpaka ugali ukaungua.

Alipasuliwa Dar es Salaam. Siku ya kuruhusiwa akaniuliza, "Zimekwisha zote?" Daktari Bingwa alikuwa amesema ndiyo, nami nikasema ndiyo. Lakini kule Ulaya nilikuwa nimeona seli chache zilizobaki zikijaza chupa nzima.

Sasa nimestaafu. Wasichana wanachanjwa shuleni dhidi ya kirusi hicho, na nashukuru. Ninyi mnaoanza kazi hii ya maabara mtaambiwa kwamba hofu huzoeleka. Mimi sikuizoea. Dada yangu amezeeka, analima zabibu zake, na maneno yake ni mengi kama zamani. Hata hivyo, akinipigia simu, huwa natafuta kwanza mahali pa kukaa, ndipo nipokee.