Gari la Mkate Kati ya Magari ya Fahari

Watu walimwita Shubiri, na hawakumwonea. Mzee yule alikuwa na ulimi ambao hata mbwa wa ufukweni waliujua, wakapita mbali naye. Asubuhi ile aliamshwa na ngurumo za injini. Alichungulia kwenye kidirisha cha gari alilolala ndani yake, akaona maegesho yote yamejaa magari ya zamani yanayong'aa, mengine yana vitanda na majiko ndani, na wenyewe wanayafuta kwa vitambaa kana kwamba yana mafua.

"Makaburi yamefunguka," alisema, "halafu yakapakwa rangi."

Mlinzi wa maegesho alimjia mbio. "Mzee, si nilikwambia tangu juzi? Leo hapa kuna maonyesho ya magari ya zamani. Naomba uliondoe lako."

"Kwani langu ni la kesho?"

"Ni la zamani, mzee wangu, ila siyo..." Mlinzi aliyatupia jicho yale yanayong'aa.

"Siyo la wenye nazo. Sema tu, meno hayatakung'oka."

Hakuliondoa. Sababu alikuwa nayo, ila hakuwahi kumwambia mtu.

Kwa miaka mingi ya ujana wake Shubiri alikuwa dereva wa kiwanda cha mkate. Alidamka kabla ya jogoo, akapakia trei zingali na joto, kisha akazunguka madukani akigombana na kila mwenye duka: huyu kaweka mkate juani, yule kauweka pamoja na sabuni. Walimchukia, lakini mkate wake haukuwahi kufika umepondeka. Kiwanda kilipofungwa, alipewa gari lenyewe kama ahsante. Aling'oa rafu za upande mmoja akaweka kitanda, upande wa pili akaacha rafu mbili za vyombo na jiko. Enzi za uhai wa mkewe walikuja nalo ufukweni siku za likizo, wakalala humo watatu, mtoto wao wa pekee katikati. Mtoto huyohuyo alipobalehe na kuanza kujiona mkubwa, alitaka awe anashushwa mtaa mmoja kabla ya shule. Baba alimshusha bila kuuliza, ingawa lilimchoma.

Sasa yule mtoto ni mtu mzima mwenye mke, na nyumba yenye ua uliotandikwa vigae. Mama yake alipofariki, alimchukua baba akae naye. Gari la mkate likaegeshwa uani, likavuja oili, na hapo ndipo ngoma ilipoanza. Mkwe alilalamika kwamba ua unaingia madoa. Shubiri akamjibu kuwa afadhali ua wenye doa kuliko roho yenye doa. Mkwe akalia. Mtoto akaja akasimama mlangoni.

"Baba, chagua. Gari au nyumba."

Shubiri akachagua gari. Aliliendesha polepole mno kuelekea getini, akingoja kuitwa. Alichosikia ni geti likifungwa.

Ndiyo maana alikaa pale ufukweni. Mwanawe hupita barabara ya hapo ufukweni kila siku akienda kazini, na gari la mkate hata kipofu angeliona. Shubiri aliapa kwamba hakanyagi tena nyumba ile mpaka mtoto aje mwenyewe na kumwambia, "Baba, twende nyumbani." Mwaka ukakatika. Mtoto naye hakuja, maana shingo ngumu alikuwa ameirithi, na ya kurithi huwa ngumu zaidi. Mzee alijua kabisa kwamba lile neno la doa lilikuwa baya. Alikuwa tayari kuomba radhi, ila kwanza aitwe.

Basi mlinzi akiwa bado amesimama, alitokea mwanamke mwenye kofia pana na beji ya msimamizi kifuani. Shubiri alikunja uso tayari kwa vita. Mwanamke akapiga makofi.

"Jamani, hili limetoka wapi? Oneni, hata maandishi ya kiwanda bado yapo!"

Kabla hajajibiwa, alikuwa ameshabandika namba ya maonyesho kwenye kioo cha mbele. Kuanzia hapo nyumba ya Shubiri ikawa haina mwenyewe. Wageni waliingiza vichwa mpaka kitandani. Walipiga picha sufuria lake lenye masizi. Mmoja alilishika shati lililoanikwa akasema, "Wamepanga vizuri, utadhani kuna mtu anaishi humu kweli!"

"Yupo," alisema Shubiri, "na leo hajaoga. Sogea unuse."

Wakaangua kicheko. Kadiri alivyowatukana ndivyo walivyozidi kumpenda, wakidhani ni sehemu ya burudani.

Ndipo alipomwona mwanawe. Alikuwa anashuka kwenye gari la buluu upande wa pili wa maegesho. "Amekuja," alijiambia. Alilivuta lile shati kutoka kwenye kamba, akalivaa likiwa bado na unyevu, akanyoosha na shuka la kitanda. Alipoinua macho tena, mwanawe alikuwa ameshika kitambaa laini, anafuta boneti ya lile gari la buluu. Mbele ya gari hilo kulikuwa na namba ya maonyesho kama ya Shubiri, na gari lenyewe lilikuwa kuukuu kuliko hata la mkate.

Hasira ilimpanda hadi masikioni. Kumbe si uzee wa gari uliomkera! Kuukuu la mtu baki amelinunua, analibembeleza. La baba yake amelifukuza uani.

Mwanamke wa kofia alikuja na kundi la wanachama wa klabu ya magari hayo, na mwanawe akiwa miongoni mwao, anacheka. Kicheko kilimkauka alipofika mlangoni pa gari la mkate. Shubiri alimtazama, akangoja.

"Shikamoo, mzee," alisema mwanawe.

Mzee. Kama anavyosalimiwa mpita njia.

"Marahaba, kijana."

Mwanamke hakung'amua kitu. Alikuwa anapapasa rafu. "Hapa pametulia kweli. Zamani ulikuwa unasafiri na familia, eti? Una watoto, mzee?"

Shubiri alimgeukia mwanawe. Alimpa mwanawe nafasi, na ilimtosha kabisa mtu kusema neno moja. Mwanawe aliangalia viatu vyake.

"Mungu hakunijalia," alisema mzee.

"Oo, pole," alisema mwanamke. Wenzake nao wakampa pole, mmoja baada ya mwingine, mpaka akabaki mmoja tu, na macho yote yakamgeukia.

"Pole sana, mzee," alisema mwanawe.

Shubiri, aliyekuwa na tusi la kila mtu, hilo hakulipatia tusi. Aliwatoa wageni mlangoni, akafunga, akaketi kwenye usukani. Injini ilikohoa, ikakataa, kisha ikakubali. Waliokuwa karibu walidhani maandamano ya magari yameanza. Wakasogeza magari yao kumpisha, wakapiga honi na makofi.

Alikuwa hajafika barabarani mwanawe alipomfikia akihema, akagonga kioo. Shubiri akakishusha kidogo. Mwanawe aliinama karibu sana na kunong'ona.

"Baba, subiri. Baba, tafadhali, twende nyumbani."

"Sema kwa sauti."

Mwanawe aligeuka. Wanachama walikuwa wamesimama nyuma yake, mwanamke wa kofia akiwa mbele yao, wote wanatabasamu. Akamrudia baba yake kwa macho tu, mdomo umefungwa.

"Umenifananisha, kijana," alisema Shubiri, akapandisha kioo.

Alikanyaga mafuta. Maneno aliyoyangoja mwaka mzima yalikuwa yamesemwa, naye ndiye aliyeyakataa, na bado aliona hakukosea. Alipita barabara yote ya ufukweni bila kujua aegeshe wapi, kwa maana hakuwa tena akimngoja mtu.