Sabuni Iliyokaa Karibu na Miswaki

Wewe huwa unasoma kilichoandikwa kwenye sabuni unayoogea? Usijibu haraka. Gervas alikuwa na digrii ya baiolojia, na kazi yake ilikuwa kuchunguza sumu, lakini kwa miezi kadhaa hakusoma.

Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka 1998. Aliishi ughaibuni, mjini Wheaton, na dada yake Genoveva, mtoto wa kwanza kwao Rombo, aliyemtumia tiketi ya ndege na kumlisha mpaka naye akapata ajira. Genoveva alifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee: kuwaogesha, kuwageuza kitandani, kuwafunga vidonda. Gervas alikuwa msaidizi katika maabara moja kwenye mji jirani wa Columbia. Huko walichukua damu ya watu waliojitolea, wakatenga zile chembe nyeupe zinazopigana na maradhi, wakazitilia zebaki kidogo kidogo na kutazama zimepatwa na nini. Watu wakipungua, wafanyakazi walitoa damu yao wenyewe, na Gervas ndiye aliyekuwa wa kwanza kukunja mkono wa shati.

Chembe hizo zilimchanganya akili. Zebaki ikizidi, zilikufa, hilo lilieleweka. Lakini ikiwa kidogo, za mtu huyu zilikaa kama zimelewa, hata ukizichokoza haziamki. Za mtu yule ziliamka zenyewe, zikaanza kuzaana kwa fujo na adui hayupo.

"Sasa zebaki inaua kinga au inaitia wazimu?" alimwuliza Audrey, mkuu wake.

Audrey alicheka. "Ukijua, niambie mimi kwanza."

Gervas alilichukia jibu hilo. Hakusoma miaka yote ile ili aje kuambiwa "labda".

Kila jioni akifika nyumbani, kabla hajagusa kitu, alisugua mikono mpaka kwenye viwiko kwa sabuni ya dada yake, ya rangi ya waridi, yenye harufu ya hospitali. Hakutaka kumletea dada yake zebaki ya maabara.

Alhamisi moja Genoveva alimwaga chai mezani, na haikuwa mara ya kwanza. Mkono ulikuwa unatetemeka. Miguu ilikuwa imevimba, kidonda cha mdomoni kilikataa kupona, na tangu Krismasi alikuwa akilalamika kwamba kila chakula kina ladha ya sarafu.

"Dada, nenda hospitali."

"Nikaambiwe nimechoka? Hilo nalijua bure."

"Dada, miguu hiyo si ya uchovu."

"Kesho nina shifti, Gervas. Nenda kanawe ule."

Akaenda. Sabuni ilikuwa imekwisha, akachana karatasi ya kipande kipya. Chini ya maneno makubwa ya kuua vijidudu, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, akakutana na jina alilolijua kuliko majina ya wajomba zake. Zebaki. Kule maabara chupa yenye jina hilo ilichorwa fuvu, na hakuna aliyeifungua bila glavu. Hapa ilikaa kwenye kisahani, karibu na miswaki. Na chini kabisa ikaandikwa kwamba sabuni hiyo haiuzwi nchi inakotengenezwa, ni ya kuuzwa nchi za nje tu.

Alitoka bafuni anatiririka maji. "Kwao sumu, kwetu sabuni! Dada, kumbe unajichubua?"

Genoveva aliweka kijiko chini. "Nijichubue nimpendeze nani? Yule babu wa chumba cha mwisho ambaye haoni?"

"Hii ndiyo wanayojichubulia watu! Ina zebaki!"

"Imeandikwa inaua vijidudu. Nashika vidonda vya watu mchana kutwa, mdogo wangu. Ulitaka nikuletee maradhi humu ndani?"

Gervas aliigeuza ile karatasi, akayasoma tena yale maneno makubwa.

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Alikuwa Edah, jirani yao Mkenya, aliyefanya kazi pamoja na Genoveva na kuwaletea wenzake sabuni hiyo kila alipotoka Nairobi.

"Kwani nani anaua nani huku?"

"Sabuni yako, dada Edah."

"Yangu? Nimeoga nayo tangu nikiwa shule ya boding. Aki huyu kijana! Haya, mwalimu, fundisha. Inafanya nini?"

"Zebaki inapenya kwenye ngozi, inaingia kwenye damu. Inaweza kuharibu figo. Inaweza kuua askari wa mwili."

"Kwa hivyo wanakufa."

"Wengine. Wengine wanaamka ovyo, pengine waugeukie mwili wenyewe."

"Wanakufa ama wanaamka? Si uchague moja!"

"Inategemea kiasi. Na inategemea mtu."

"Na Genoveva ni mtu wa aina gani?"

"Sijui."

"Na mimi?"

"Sijui, dada Edah."

Edah alimgeukia mwenzake. "Na huyu wanamlipa mshahara."

Genoveva alicheka mpaka akashika kikombe kwa mikono miwili. Kisha kicheko kikakatika. "Gervas," alisema polepole, "mbona hata wewe unanawa nayo?"

Gervas aliitazama mikono yake. Miezi yote hiyo alikuwa akiosha zebaki kwa zebaki. Likaja jingine, baya zaidi: zile chembe zilizoamka bila adui zilikuwa za damu yake mwenyewe. Ni sabuni? Ni maumbile yake tu? Alikaa kwenye kiti, hasira zote zimemwishia, asijue amlaani nani.

"Sijui chochote," alisema. "Najua tu kwamba naogopa, dada."

Genoveva alisimama. Alifuta chai mezani, akaenda kulala.

Asubuhi Gervas aliamshwa na honi. Alisogea dirishani, mguu mmoja una soksi, mwingine hauna. Chini, kwenye maegesho, gari la Edah lilikuwa linanguruma. Genoveva alikuwa anaingia mbele taratibu, hana sare ya kazi. Amevaa koti lake la kanisani, na mkononi ana mfuko wa sabuni zote za nyumbani. Edah akaja nyuma yake amekumbatia katoni nzima, akaitupa kwenye buti, akainua uso.

"We mwalimu!" alipaza sauti, madirisha ya majirani yakifunguka. "Tunaenda kupimwa! Shuka na hiyo damu yako!"