Kitabu Kilichofunika Chai

Juzi, nikiwa kwenye duka la vifaa vya shule hapa Bagamoyo, mama mmoja aliyekuja na binti yake alimwonyesha muuzaji kitabu cha hadithi cha watoto. Kilikuwa juu ya kaunta, kimefunika kikombe cha chai.

"Shikamoo baba. Hicho kinauzwa?"

"Marahaba mwanangu. Kinauzwa, ila ngoja nimalize chai. Nzi wengi."

Yule binti akainamisha shingo, akaanza kusoma jalada lililovimba kwa mvuke. Muuzaji akakiinua kitabu, akapiga funda moja, akakirudisha.

Nje basi la Msata likapiga honi. Mama akamvuta mtoto, "Twende, tutaachwa."

Muuzaji akanigeukia. "Watoto wa siku hizi hawapendi kusoma."

Basi tungoje amalize chai, wasomaji wangu. Nilichungulia: kikombe kilikuwa nusu, na chupa ya chai pembeni imejaa.