Somo la Maadili Limenipasua Sikio

Leo nimechapwa fimbo mnadani Garsen kwa sababu ya somo langu mwenyewe.

Niliwapeleka wanafunzi wangu wa biashara wakaone mbuzi wakiuzwa. Nikawaambia, mfanyabiashara mwema hamfichi mteja kitu.

Mzee mmoja alikuwa akimpapasa mbuzi mnene.

Halima, mwanafunzi wangu, akapaza sauti: "Mzee, huyo kalishwa chumvi ndipo akanywa maji mengi. Kesho tumbo litakuwa limeshuka!"

Mzee akamtandika muuzaji ngumi ya mdomo. Damu! Watu wakavaana. (Mimi nilikuwa nyuma ya beberu, msinicheke.)

Muuzaji akainuka na fimbo, akafoka: "Nani kamfundisha huyu mtoto?"

Darasa zima, bila kuficha kitu, likaninyooshea kidole.

Sikio bado linavuja. Walimu wenzangu, si wamefaulu hawa?